Wallahi Sikula Ubuyu

Wengi wenu mmeshaipata ile picha. Mie mwenyewe nimetumiwa mara kumi na moja, mbili kati ya hizo na jamaa wa Muscat, na jana na mjomba aliyeko Uingereza ambaye tangu Idi ya mwaka juzi hajanijulia hali. Hakuandika salamu. Kaituma picha, chini kaweka alama moja ya kuuliza.

Kwa ambao bado haijawafikia: ni mie, nimekaa kwenye baraza la watu huko Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, kanzu nyeupe, kofia ya viua, ulimi nje. Ulimi mwekundu kama undu wa jogoo. Saa kumi na nusu alasiri, chungu cha 14 cha Ramadhani, yaani siku ya 14 ya mfungo. Na maandishi aliyoyaweka mwenyewe mpigapicha: "Leo kobe kavaa kanzu." Kobe kwetu ni mtu anayekula kwa kujificha mchana wa Ramadhani.

Sasa nyamazeni nami niseme, maana toleo linalozunguka mtaani linasema nilikutwa na kilo nzima ya ubuyu.

Sahibu yangu aliyeisambaza simtaji. Yeye anajijua, nyie mnamjua, na mama yake huwa anasoma hapa. Ila haki isemwe, jamaa alikuwa ananidai. Ramadhani ya mwaka jana nilimkuta nyuma ya kibanda cha mtu, saa sita mchana, chapati mkononi, anatafuna mbiombio kama anayekimbilia boti ya saa moja. Sikumsema. Nilirudi nyumbani nikachora kobe. Kobe kavaa kofia, kichwa kimetokeza kidogo tu nje ya gamba, shavu moja limevimba. Nikampaka rangi vizuri, nikampiga picha, nikamtupa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa bila kuandika neno. Halikuhitajika. Chapati ilikuwa inajulikana hata ilikonunuliwa.

Watu walicheka mpaka mfungo mosi. Yeye alicheka pia, hapo ndipo ningeshtuka. Akakaa miezi kumi na miwili ananingojea kama paka mlangoni mwa muuza samaki.

Turudi kwenye rangi, kwa sababu kesi yote iko humo.

Bati langu la rangi za maji mnalijua, nimeshawachosha nalo. Lina rangi kumi na mbili, kila moja kwenye kijisahani chake kisichozidi ukucha wa dole gumba, kifuniko ukikifungua ndicho sinia la kuchanganyia, na bati zima linaingia mfuko wa kanzu bila mtu kujua. Katika hizo kumi na mbili moja ni nyeupe, nami nashikilia kuwa ni nafasi iliyopotea. Kwenye rangi za maji nyeupe yako ni karatasi; unaiacha tu usiiguse. Mtu anayechora Mji Mkongwe, kuta zote chokaa, mpe karatasi nzito ya gramu 300 na rangi tano atakutosheleza. Hiyo nafasi ya nyeupe wangeniwekea damu ya mzee ya pili, kwani ndiyo inayoisha mwanzo.

Ndiyo iliyoniua pia, lakini tunafika.

Rangi hizi si kitu cha ajabu. Ni unga wa rangi uliokandwa kwa gundi ya mgunga, ile inayotoka kwa wingi Sudani. Gundi peke yake ikikauka hupasuka vipandevipande, kwa hiyo viwanda huongeza cha kuilainisha. Wengine hutia glisirini. Wengine hutia asali.

Langu ni la asali. Wekeni hapo alama.

Asali kwenye nchi kavu haina ubaya. Rangi inakauka, ukiigusa kwa brashi yenye maji inaamka. Huku kwetu, na joto la kaskazi na hewa ya bahari inayofanya hata chumvi ilie mezani, haikauki asilani. Inabaki kama halua. Ukilisimamisha bati wima kwenye mkoba, damu ya mzee inateremka kumtembelea njano, njano anamtembelea kijani, jioni unafungua unakuta wote wamehamia pembe moja. Dawa yake inajulikana: ukimaliza kazi unafuta maji ya ziada kwa kitambaa, unaliacha bati wazi usiku kucha kivulini, ulalo, ndipo ulifunge asubuhi. Mie hulifunika kawa ya shangazi ili vumbi na mijusi wasiingie. Shangazi alishawahi kufunua ile kawa akitaraji mkate wa kumimina akakuta rangi kumi na mbili zinamtazama. Alisema neno ambalo siliandiki.

Basi siku moja kabla ya mkasa niliyafanya yote hayo? Sikuyafanya. Adhana ya Magharibi ilinikuta Forodhani, nikalifunga bati bichi, likiwa linachuruzika, nikalisokomeza mkobani wima na kukimbilia kaimati. Nililala nalo hivyo hivyo. Najua. Nimeshajisema mwenyewe.

Na kuna kopo.

Mwanzoni mwa mwezi nilikuwa nikitoka na chupa ya maji ya kusuuzia brashi. Siku ya pili tu, bibi mmoja mtu mzima alinipita, akaiangalia chupa, akaniangalia mie, akaniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, ifiche basi." Nikaona hapana. Kutoka siku ile nikawa nalowesha sponji nyumbani, naitia kwenye kopo dogo la plastiki lenye kifuniko, nikifika kazini nafutia brashi humo humo bila kuonekana na maji. Akili kubwa. Kopo lenyewe nililiokota jikoni. Lilikuwa tupu, safi, linafunga vizuri. Karatasi yake ya pembeni sikuibandua kwa sababu ilikuwa inashika.

Nimeona kuna mtu kashaanza kucheka. Ngoja kwanza.

Siku yenyewe nilikwenda kuuchora mlango mmoja Kiponda ambao nimeutamani muda mrefu. Mlango wa msaji, mfaa wake, ule mti wa katikati, umechongwa maua kutoka juu mpaka chini, pembeni kuna ule mnyororo wa nakshi unaozunguka fremu yote. Mnyororo huo ndio kazi. Kila pete ina kivuli chake, na kivuli hicho ni mstari mwembamba kama uzi wa kushonea viua. Rangi ya msaji mkuukuu hainunuliwi. Unachukua damu ya mzee, unaipoza kwa kijani, unapata kahawia ambayo ina moto ndani yake. Kwa hiyo brashi yangu ilikuwa inachovya damu ya mzee, inachora pete, inachovya, inachora. Pete hamsini na ushei.

Na sasa niwaambie aibu yangu ya siri, ambayo si siri tena. Ninapotaka ncha kali, natia brashi mdomoni. Naibana kidogo kati ya midomo, naizungusha, inatoka kali kama sindano. Nimefanya hivyo tangu skuli. Najua haifai, baadhi ya nyekundu na njano zina kadimiamu, ambayo si kitu cha kulamba, na kule Marekani kuanzia 1917 wasichana wa viwanda vya saa walifundishwa kunyoosha ncha namna hii hii huku wakipaka rangi yenye radiamu, na iliwaua wengi wao. Hapo sicheki. Lakini mkono una mazoea yake, na mdomo nao. Nilikuwa nimefunga, nina kiu, akili imezama kwenye mnyororo, na kila pete moja, mlambo mmoja. Nilidhani sponji imeshaisafisha brashi. Kumbe nyekundu ile hujificha juu, kwenye tumbo la brashi karibu na pete ya chuma, ukiibana ndipo inashuka.

Pete hamsini na ushei, jamani. Pigeni hesabu.

Sahibu alikuwa amekaa baraza ya pili yake, anajipepea kwa kipande cha boksi. Baadaye amekiri kwamba aliniona tangu mlambo wa tano au wa sita, midomo imeshaanza kukolea. Nikamuuliza kwa nini hukunambia? Akasema: "Nilikuwa namkumbuka kobe."

Sasa hapa twende polepole, kwa sababu mie mwenyewe usiku nikifumba macho narudishwa hapa.

Alasiri imesaliwa. Kichochoro kimetulia, lile jua dogo linaloingia kule limepanda ukutani mpaka nusu, nami nakimbizana nalo nimalize pete za juu. Nasikia makubazi. Wanatoka msikitini wazee watatu, mmoja ana miwani, mmoja ana bakora, mmoja kashika kofia mkononi anajifutia jasho, na mjukuu wa mmoja wao anaruka mbele, wa miaka sita hivi. Wazee wa heshima zao. Mwenye bakora alikuwa mwalimu, kafundisha nusu ya mtaa kusoma, na nusu nyingine kafundisha kukimbia.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Shikamooni wazee wangu."

Hebu litamkeni neno hilo mbele ya kioo. Shikamooni. Mwanzo meno yote nje, katikati midomo imekusanyika kama unapuliza uji, mwishoni meno nje tena. Hakuna neno la Kiswahili linaloonyesha kinywa kwa ukamilifu kama hilo.

Mwenye miwani alikuwa ameinama kwenye karatasi yangu. Ameipenda, naona. Anafuata mnyororo kwa kidole bila kugusa. "Mashaallah," akasema, "mpaka misumari ya shaba." Akainua uso anipe sifa machoni. "Mashaa..."

Ikakatikia hapo.

Nikasikia feni ya nyumba ya jirani inavyosaga. Nikasikia mtu wa mbali anaponda vitunguu thaumu. Mzee kanitazama mdomo, kavua miwani, kaifuta kwa ncha ya kanzu, kaivaa tena, kanitazama mdomo. Mie nikadhani nina kitu puani, nikajifuta pua. Kwa mkono ulioshika brashi. Kwa hiyo sasa na pua.

Mwenye bakora akasogea.

"Umefunga, mwanangu?"

"Alhamdulillahi, nimefunga."

Alhamdulillahi ina lamu nne. Kila lamu inautoa ulimi mbele ukapige meno. Sijawahi kulifikiria hilo maishani mwangu mpaka nilipoona macho ya watu wazima watatu yanashuka na kupanda pamoja, lamu kwa lamu.

"Sema tena."

"Alhamdulillahi."

"Tena. Taratibu."

Nikasema taratibu. Kama mtoto wa chuoni. Nilifikiri anasahihisha matamshi yangu! Wallahi, nilifikiri mzee kasikia kasoro ya tajwidi, na nikajitahidi kuzitoa zile lamu vizuri zaidi, nikazivuta.

Yule mjukuu akamshika babu yake kanzu. "Babu, mwambie na mie anipe ubuyu."

Mkumbuke kwamba mpaka hapo mie sijui kitu. Mtu hauoni ulimi wake. Nikamwambia mtoto, kwa tabasamu pana la upendo, "Ubuyu gani tena, habibi?" Na hilo tabasamu, nimeambiwa na mashahidi, ndilo lililokuwa baya kuliko yote, kwa sababu nyekundu ilikuwa imeingia katikati ya meno.

Ndipo sahibu akainuka pale alipo. Akaja pole pole, uso umejaa huruma kama daktari wa watoto. "Sahibu, hebu toa ulimi nikuone." Na mie, sijui nini kilinishika, labda njaa, nikautoa wote. Mpaka mwisho. Simu ilikuwa tayari iko mkononi mwake. Akapiga. Kisha akaigeuza akanionyesha.

Ndiyo hiyo picha yenu.

Niliitazama sekunde kadhaa nikijaribu kumjua yule mtu. Midomo kama bi harusi. Ulimi kama nilivyosema, undu wa jogoo. Pua ina doa. Na kanzu nyeupe pepepe chini yake kama sahani iliyoandaliwa.

"Ni rangi!" nikasema.

"Rangi," akasema mwenye bakora.

"Rangi ya kuchorea. Hii hapa." Nikalinyanyua bati.

Wageni wa jukwaa hili pengine hamwelewi uzito wa kesi. Ubuyu wa Unguja ni mbegu za mbuyu zilizopakwa sukari, iliki, pilipili kidogo na rangi nyekundu isiyojua huruma. Ukila kokwa tatu tu ulimi unakaa mwekundu mpaka usiku, hauna pa kwenda kukana. Wengi wetu utotoni tulichapwa kwa ushahidi huo huo. Kwa hiyo mtu mwenye ulimi mwekundu mchana wa Ramadhani haulizwi maswali mengi hapa. Mie niliulizwa kwa sababu ya kanzu tu.

Sasa nimenyanyua bati. Chini ya bati, pale lilipokuwa limekaa barazani, kuna sisimizi. Si wawili watatu. Ni msafara. Umeanzia kwenye ufa wa ukuta, umepanda baraza, umepita kando ya paja langu kwa adabu, umeingia mkobani, mwingine unatoka mkobani, wanapeana salamu njiani. Ile rangi niliyoifunga bichi ilikuwa imevujia kwenye bawaba usiku kucha, imelowesha mkoba chini, na taarifa zimefika ukoo mzima.

Wazee waliufuata ule msafara kwa macho kutoka ukutani mpaka mkobani. Pamoja. Kama wanaotazama mpira.

"Rangi," akarudia mwenye bakora, "inayofuatwa na sisimizi."

"Ina asali, mzee wangu."

Kimya.

"Umejuaje kama ina asali?"

Jamani. Swali dogo tu. Nikafungua kinywa kujibu, nikakifunga, kwa sababu kila nikikifungua naongeza ushahidi. Nikageuza bati nimwonyeshe pale palipoandikwa. Palipoandikwa pamefunikwa na rangi. Nikapasugua kwa dole. Pakajitokeza maneno ya Kizungu ambayo hata mie siyajui, na sisimizi mmoja.

Mwenye kofia, ambaye muda wote hakusema kitu, akauliza, "Na humo mkobani mna nini?" Akainama mwenyewe. Akatia mkono. Nilijua atakachokitoa kabla hajakitoa, nikatamani baraza lile la chokaa lililobeba watu miaka mia na zaidi lichague siku hiyo kuporomoka.

Akatoa kopo. Akaligeuza karatasi ikae mbele. Akaisoma kwa sauti, pole pole, kama anayesoma khutba:

"Ubuyu. Mtamu. Wa Zanzibar."

Akafungua kifuniko. Ndani mna sponji, na sponji inachuruzika nyekundu.

Mtoto akapiga kofi. "Si nilisema!"

Basi hapo ndipo nilipotamka ile sentensi. Mnaijua, imeshatengenezewa stika. Nilikuwa nataka kusema kwamba mie sikula kitu chochote, kwamba ni brashi tu iliyopita mdomoni kwa bahati mbaya, kwamba nia yangu ya funga iko pale pale tangu daku. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani yamepangika. Kilichotoka ni:

"Sikula, wazee wangu. Nimelamba tu."

Sahibu alikaa chini kichochoroni. Hakuchutama, alikaa kabisa, miguu mbele, simu kaiinua juu inaendelea kurekodi.

Wazee wakaingia kwenye mjadala ambao mie sikushirikishwa. Mwenye miwani alinitetea, Mungu ampe kheri: alisema kulamba bila kumeza si kula, na kijana huenda alisahau. Mwenye bakora akasema mtu anasahau mara moja, mlango huu una pete ngapi? Wakaanza kuzihesabu. Wallahi wakazihesabu, za kwenye karatasi, kwa ncha ya bakora. Walipofika arobaini mwenye kofia akasema asali ni chakula na dawa, yote mawili yanafunguza. Mwenye miwani akajibu labda ametema. Wote wakanigeukia.

"Ulitema?"

Nikafikiri kidogo. Nikasema ukweli, kwamba sikumbuki.

Nikajifuta mdomo kwa mkono wa kanzu. Ndiyo. Kanzu yangu ya pekee ya tarawehe.

Mengine yalikwenda haraka. Nikakusanya vitu, nikawaomba radhi wazee, nikapita vichochoro vya nyuma nimeziba mdomo kama naumwa jino, na bado hapo Darajani mtu nisiyemjua akaniita "Kobe!" Nimefika nyumbani, habari zimeshafika zamani, zimevua viatu zimekaa. Shangazi kaandaa mihogo ya nazi, sambusa, uji, na mahali pangu hapana sahani. Nikamuuliza. Akasema, "Aa, wewe si umeshafuturu?" Nilipewa baadaye. Ustadhi nilimpigia, alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena mwenyewe, akanituliza. Hata hivyo nitailipa ile siku moja roho yangu itulie. Kanzu imelowekwa mara tatu. Nyekundu hiyo nimeisoma sasa, baada ya kuchelewa: zamani ilitoka kwenye mizizi ya mmea, mwaka 1868 wakemia wawili wa Kijerumani wakaweza kuitengeneza wenyewe, na sifa yake kubwa ni kwamba ikishika haiachii. Ningewapa mkono wa kanzu yangu wautie kwenye maonyesho.

Bati nimelisafisha vizuri, kwa mnaouliza. Sikulitumbukiza majini, ukifanya hivyo rangi zote zinaondoka na maji. Nilifuta kijisahani kimoja kimoja kwa brashi yenye maji kidogo, nyepesi, mpaka njano ikawa njano tena, nikainyonya ile michuzi ya pembeni kwa tishu, nikafungua bawaba nikapangusa sisimizi waliofia kazini. Sasa linalala wazi chini ya kawa, juu ya bakuli lililopinduliwa, na bakuli limekaa ndani ya sinia lenye maji, kama miguu ya kabati la chakula la bibi. Wanafika ukingoni wanageuka. Ncha ya brashi natengeneza kwa kuiburuza kwenye kitambaa huku naizungusha. Inatoka kali vile vile, na inaniuma kusema hivyo, maana miaka yote nililamba bure.

Kopo nimelibandua karatasi. Limeacha alama ya gundi iliyo na umbo la mbuyu.

Mlango sijaumalizia, zimebaki pete tisa. Jana nilirudi baada ya Alasiri, baraza lile lile, sponji mpya, mdomo nimeufunga na barakoa, na nimekaa hivyo robo saa tu nikaona viatu vidogo vimesimama mbele yangu. Ni yule mjukuu. Kaninyooshea sarafu ya shilingi 200.

"Kaka, ya mia mbili."

Nikamwambia sina.

Akainama, akachungulia chini ya mkoba wangu, akakaa pale muda kidogo anatazama. Kisha akainua kichwa.

"Unayo."